Laxton: Mashamba Bila Uzio

Katika mkoa wa Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, barabara za mashambani hupita baina ya nyua za miti ya miiba. Kila shamba lina ua wake na kila ua una lango lake. Msafiri anayetoka mji wa Newark kuelekea kaskazini-magharibi huizoea sura hiyo upesi, akadhani nchi iliumbwa hivyo tangu mwanzo. Akifika Laxton, nyua zinakwisha. Mbele yake unafunguka mteremko mpana wa ngano usio na ukuta wala waya, na ndani yake wakulima kadhaa wamelima bega kwa bega, kila mmoja katika vipande vyake vilivyotawanyika huku na kule, wakitenganishwa tu na mstari ulioachwa na plau kwenye udongo mzito wa mfinyanzi.

Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa hivi. Leo mabaki ya mashamba ya wazi yanapatikana kwa uchache sana, kama vile Braunton katika mkoa wa Devon, au Haxey na Epworth upande wa Lincolnshire. Lakini huko kilichosalia ni vipande vya ardhi peke yake. Laxton imebaki na mfumo mzima: mashamba matatu makubwa, mzunguko wa mazao unaowabana wote, na baraza la kijiji linalokutana kila mwaka kukagua mipaka na kutoza faini. Hilo baraza ndilo linalokifanya kijiji hiki kidogo kistahili kusomwa na mtu yeyote anayejali habari za ardhi. Kwa zaidi ya karne mbili wataalamu walisema kwamba shamba la wengi ni shamba lisilo na mwenyewe. Hapa pana kijiji kilicholima pamoja muda wote huo, na kila jirani akijua hasa futi ipi ni yake.

Maandishi ya kwanza kuhusu Laxton yamo katika Domesday, daftari kubwa la mali lililotayarishwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, miaka ishirini baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza. Kabla ya vita miliki ilikuwa ya mtu aliyeitwa Tochi, jina lenye asili ya Skandinavia, kwa kuwa eneo hili lilikuwa limekaliwa na Wadenmaki. Baada ya vita ikapewa mteule wa mfalme, Geoffrey Alselin. Makarani hawakujishughulisha na uzuri wa mahali. Waliandika wakulima 22 waliofungamana na ardhi ya bwana, wengine 7 wenye vishamba vidogo, watumwa watano wa kiume na mmoja wa kike, ekari 40 za majani ya kukata, na pori la kulishia mifugo. Waliandika pia kwamba thamani ya miliki imeshuka kutoka pauni 9 hadi pauni 6. Majina ya wakulima hayamo, ila hesabu yao inatosha kuonyesha kwamba kijiji kilikuwa tayari kimejaa watu na plau zao.

Mabwana wapya walijenga ngome kaskazini mwa kijiji: kilima cha udongo kilichorundikwa kwa mikono ya watu, kikazungukwa na handaki, na juu yake boma. Boma limetoweka zamani, lakini kilima na handaki bado vipo chini ya majani, na ni miongoni mwa mabaki bora ya aina yake katika mkoa mzima. Wakuu wa ngome hiyo, kwanza ukoo wa Caux na kisha ukoo wa Everingham, walikuwa walinzi wa msitu wa mfalme wa Sherwood, ule ule unaotajwa katika hadithi za Robin Hood. Ulinzi wa msitu ulikuwa cheo kikubwa, maana paa na miti yote ilikuwa mali ya mfalme. Mwishoni mwa karne ya 13 akina Everingham walinyang'anywa cheo hicho kwa kuvunja sheria za msitu walizopaswa kuzilinda. Katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu bado imelala sanamu ya mwanamke wa ukoo huo, iliyochongwa kwa mti wa mwaloni, kitu adimu sana katika nchi ambayo watu wa daraja lake walizoea kuchongewa mawe.

Kutoka kijiji hiki pia ulitoka ukoo wa Lexinton, uliochukua jina lake kutoka kwa namna ya kale ya kutamka Laxton. Katika karne ya 13 mmoja wao, Henry, alifika hadi kuwa askofu wa Lincoln. Wakubwa walipanda na kushuka. Chini yao, mwaka hadi mwaka, watu wa kawaida waliendelea kulima vipande vyao.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Ardhi ya kulima ilikuwa katika mashamba makubwa ya kijiji: Shamba la Magharibi, Shamba la Kusini, Shamba la Kinu, na la nne dogo zaidi upande wa mashariki. Kila shamba liligawanywa katika vitalu, na kila kitalu katika vipande vyembamba virefu. Mkulima hakuwa na eneo moja. Alikuwa na kipande hapa, kingine kule, kingine mbali kabisa, katika mashamba yote. Mgeni angeona usumbufu mtupu: mtu anapoteza saa nzima kutembea kutoka kipande hadi kipande. Mwenyeji aliona haki. Udongo wa bondeni hushika maji, wa mlimani hukauka mapema. Mwaka wa mvua nyingi bonde huozesha mazao, mwaka wa ukame huyaokoa. Aliyekuwa na vipande kila mahali hakupata mavuno bora kuliko wote, wala hakukosa kabisa.

Urefu wa vipande ulitokana na ng'ombe. Plau nzito ya kulimia mfinyanzi ilikokotwa na maksai wengi, mara nyingi wanane, na kuwageuza ilikuwa kazi ngumu, kwa hiyo mkulima alitaka kwenda mbali kabla ya kugeuka. Alipokaribia mwisho alianza kuwapinda mapema, na kwa sababu hiyo vipande vya kale vimejikunja kidogo kwenye ncha zake, kama herufi S iliyogeuzwa. Plau hiyo iliangusha udongo upande mmoja tu. Mkulima akipanda upande huu na kushuka upande wa pili, udongo ulirundikana katikati likawa tuta pana, na baina ya tuta na tuta ukabaki mfereji wa kutoa maji. Katika maeneo mengi ya Uingereza ya kati matuta hayo bado yanaonekana chini ya malisho, hasa jua linapokuwa chini, ingawa hakuna aliyeyalima kwa mamia ya miaka.

Mwaka wa kwanza shamba zima lilipandwa ngano kabla ya majira ya baridi. Mwaka wa pili likapandwa mazao ya masika, kama shayiri au maharage. Mwaka wa tatu likalazwa, mifugo ikalishwa humo na kuacha samadi. Mashamba matatu makubwa yalipokezana zamu hizo, hivyo kila mwaka kijiji kilikuwa na ngano, na mazao ya masika, na shamba lililopumzika. Hapo ndipo palipohitajika baraza. Ng'ombe wa kijiji wanapoingia katika shamba lililovunwa, haiwezekani mtu mmoja abaki na ngano yake ikiwa imesimama katikati. Wala haiwezekani mmoja aamue kupanda mwaka ambao wenzake wote wamelaza. Kila jambo lilitakiwa kuwa na tarehe: siku ya kupanda, siku ya kumaliza kuvuna, siku ya kufungulia mifugo, siku ya kuitoa.

Mnamo mwaka 1635 mfumo huo ulipata bahati ya kuchorwa. Mmiliki mpya wa Laxton, Sir William Courten, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa London, mwenye meli na fedha zake katika makoloni. Yeye ndiye aliyegharamia walowezi wa kwanza wa Kiingereza kisiwani Barbados mwaka 1627. Mtu wa hesabu, alitaka kujua alichonunua. Akamwajiri mpimaji Mark Pierce, aliyetembea kijiji chote na kupima kila kipande, kisha akaandika daftari linaloeleza kila kimoja ni cha nani na kina ukubwa gani, pamoja na ramani kubwa ya rangi. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Pierce hakuchora mistari tu. Kati ya vipande alichora watu wakiwa kazini: wanaolima, wanaovuna, wawindaji na wanyama wao. Nyumba za kijiji zimepangwa kandokando ya barabara, moja moja, na nyuma ya kila nyumba uwanja wake mrefu. Courten alifariki mwaka uliofuata, na baada ya muda Laxton ikaingia mikononi mwa ukoo wa Pierrepont, ambao baadaye walipewa cheo cha Earl Manvers. Kazi ya Pierce ikabaki kuwa mojawapo ya picha kamili kabisa za kijiji cha Kiingereza cha mashamba ya wazi.

Wakati Pierce anachora, mfumo aliouchora ulikuwa tayari unashambuliwa. Wenye ardhi walikuwa wamegundua kwamba shamba lililozungushiwa ua, lenye mmiliki mmoja, linaweza kugeuzwa malisho ya kondoo au kupandishwa kodi. Mwaka 1607 wanakijiji wa mikoa ya kati waliinuka na kung'oa nyua. Huko Newton, Northamptonshire, zaidi ya 40 kati yao waliuawa. Baadaye kazi ya kuzungushia ua ilihamia Bungeni. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za aina hiyo, zilizohusu takriban ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya Uingereza yote.

Utaratibu ulikuwa wa kisheria kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa hiyo ulikuwa mgumu kuupinga. Wakubwa wa eneo walipeleka ombi, makamishna wakateuliwa, mpimaji akaja, vipande vikafutwa na kila mtu akapewa eneo lake kwa mkupuo. Aliyepewa eneo alitakiwa alipie mpimaji, mwanasheria na ua wake mwenyewe. Mwenye ekari mia moja aliweza. Mwenye ekari tatu mara nyingi aliuza. Na yule ambaye hakuwa na ardhi ila alizoea kulisha ng'ombe mmoja kwenye malisho ya wote hakupata kitu, maana mazoea yake hayakuandikwa popote. Mwandishi wa kilimo Arthur Young, aliyekuwa ametumia miaka mingi kuzipigia debe nyua kama njia ya maendeleo, aliandika mwaka 1801 akikiri kwamba katika sehemu nyingi maskini walikuwa wameumizwa nazo. Mshairi John Clare, mtoto wa kibarua wa kijiji cha Helpston, alikua akishuhudia kijiji chake kikipimwa na kufungwa kwa sheria ya mwaka 1809, na machungu hayo hayakumtoka hadi mwisho.

Kwa nini basi Laxton ilinusurika? Jibu halina ushujaa mwingi. Ardhi ya kijiji ilikuwa imegawanyika kati ya wakubwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, pamoja na wamiliki wadogo, na kila mmoja alikuwa na vipande vilivyochanganyikana na vya mwenzake. Kuzungushia ua kulihitaji makubaliano, na makubaliano hayakupatikana. Baadaye, tangu miaka ya 1870, ngano ya bei nafuu kutoka Marekani ilishusha bei nchini Uingereza, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kutumia fedha nyingi kupanga upya ardhi ya mfinyanzi isiyolipa. Mwanzoni mwa karne ya 20 miliki ya Manvers iliunganisha baadhi ya vipande vikawa vichache na vipana zaidi, ili viweze kufanyiwa kazi kwa zana za wakati ule. Lakini mashamba yenyewe yakaachwa wazi, na baraza likaendelea.

Baraza hilo huitwa Court Leet. Ni mabaki ya mahakama za mabwana wa enzi za kati, ambazo zamani zilisikiliza kila kitu kuanzia ugomvi wa majirani hadi uzito wa mikate. Kwingineko mahakama hizo zilikufa au zikageuka sherehe za kuvaa majoho. Mwaka 1977, Bunge lilipopitisha sheria ya kuyafutia mabaraza ya aina hiyo mamlaka ya kuhukumu, baraza la Laxton liliachiwa mamlaka yake kwa sababu moja ya wazi: bado lilikuwa linafanya kazi.

Kazi yenyewe huonekana vizuri zaidi mwishoni mwa Novemba, siku ya ukaguzi. Jopo la watu 12 walioapishwa, wote wakiwa wanahusika na mashamba hayo, hukutana katika baa ya kijiji, Dovecote Inn, kisha hupanda trela linalovutwa na trekta na kuelekea katika shamba ambalo mwaka huo lina zamu ya ngano. Wanashuka na viatu vya mpira, kwa sababu mfinyanzi wa Novemba hung'ang'ania miguu. Wanabeba vigingi vya mti na nyundo. Katika kila mpaka wanauliza jambo lile lile: je, plau imekaa upande wake? Mtu anaweza kuvuka bila nia mbaya, kwa kupindisha trekta kidogo tu. Lakini futi moja ikimezwa mwaka huu, na nyingine baada ya miaka mitatu, jirani atajikuta kipande chake kimekuwa uchochoro. Pale mpaka ulipofifia, kigingi kipya kinapigwa. Wanakagua pia kama kuna aliyelima hadi ndani ya njia ya wote, aliyekula kingo za majani, au aliyeacha mtaro wake uzibe. Kiongozi wa jopo anaandika.

Wiki moja baadaye baraza linakaa katika baa hiyo hiyo, mbele ya msimamizi wa miliki, ambaye kwa desturi ni mwanasheria. Majina yanaitwa. Aliyetakiwa kufika asifike anatozwa faini ya senti chache, kiwango kilichoachwa kilivyo kwa muda mrefu. Ripoti ya jopo inasomwa na waliokosea wanatajwa mbele ya majirani zao, wanatozwa pauni kadhaa, na jopo la mwaka ujao linaapishwa. Hakuna atakayefilisika kwa faini hizo. Uzito wake uko katika kutajwa: kila mtu mle ndani atakutana na mkosaji barabarani kesho yake, na mwakani mkosaji huyo huyo anaweza kuwa ndiye anayebeba nyundo na kukagua mstari wa aliyemkagua.

Mwaka 1938 Charles Orwin, mkuu wa taasisi ya utafiti wa uchumi wa kilimo mjini Oxford, na mkewe Christabel, walitoa kitabu kuhusu mashamba ya wazi wakitumia Laxton kama mfano wao mkuu na ramani ya Pierce kama ushahidi. Orwin alikuwa mtu wa kilimo kabla ya kuwa mtu wa vitabu, na hoja yake ilianzia kwenye plau: vipande havikubuniwa na wanasheria waliokaa wakagawa ardhi kwa usawa, bali vilizaliwa na kazi ya siku, watu wakilima pamoja na kuhesabiana kadiri walivyosonga. Wanahistoria wamebishana naye tangu hapo. Lakini kitabu kiliifanya Laxton ijulikane nje ya mkoa wake, na mwaka 1952, Earl Manvers wa sita alipotaka kuuza, Wizara ya Kilimo ya Uingereza ndiyo iliyonunua, kwa nia ya kuhifadhi mashamba hayo.

Tarehe hiyo inafaa kusomwa sambamba na nyingine ya Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Miaka miwili baadaye ukatoka mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo, uliotaka vishamba vilivyotawanyika katika nchi ya Wakikuyu viunganishwe, kila familia ipewe eneo moja lenye hati, lizungushiwe ua na kupandwa mazao ya biashara kama kahawa. Hoja zilikuwa zile zile zilizotolewa mbele ya Bunge la London karne mbili kabla: kutawanyika ni upotevu, ua ni maendeleo. Kazi ilifanyika wakati maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini, wasiweze kusimama kwenye mipaka yao na kusema, hapa ni pangu. Huko Fort Hall, Murang'a ya leo, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba upimaji ulilazimika kurudiwa. Wizara iliyonunua Laxton na ofisi iliyosimamia makoloni zilikuwa idara tofauti, na kahawa kweli iliwapatia baadhi ya wakulima kipato ambacho hapo awali walikuwa wamezuiwa. Hata hivyo ni serikali moja iliyotumia fedha kulinda vipande vilivyotawanyika kwao kama urithi, na wakati huo huo ikatumia nguvu kuvifuta kwa wengine kama ujinga.

Dharau hiyo dhidi ya ardhi ya pamoja ilipata umaarufu zaidi mwaka 1968, mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin alipochapisha makala katika jarida la Science akieleza malisho yaliyo wazi kwa wote: kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja zaidi kwa faida yake, mpaka majani yanakwisha na wote wanaangamia. Malisho ya namna hiyo hayakuwahi kuwapo Laxton. Haki ya kulisha ilifungamana na nyumba maalumu za kijiji, wenye haki walijulikana, muda wa kufungua na kufunga ulitangazwa, na mnyama aliyezurura alikamatwa na mlinzi wa kijiji na kufungiwa katika zizi la mawe na matofali hadi mwenyewe alipe. Mtaalamu wa siasa Elinor Ostrom alikusanya mifano ya jamii kama hizo kutoka Uswisi, Japani, Hispania na Ufilipino katika kitabu chake cha mwaka 1990, akaonyesha kwamba zinadumu pale wenye rasilimali wanapojiwekea kanuni, wanapokaguana wenyewe na wanapoanza na adhabu ndogo. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi. Jopo la Laxton lilikuwa likifanya mambo hayo matatu karne nyingi kabla yake.

Haifai kukipamba kijiji hiki kupita kiasi. Wakulima wake ni wapangaji. Vipande wanavyovilinda kwa bidii hawavimiliki. Vibarua wa zamani waliolala kwenye vibanda mwisho wa kijiji hawakukaa barazani sawa na wenye mashamba. Yule mtumwa wa kike wa mwaka 1086 hakuulizwa tarehe ya kufungulia mifugo. Usawa wa Laxton ulikuwa usawa wa wale waliokuwa na kipande.

Sura ya kijiji bado imebeba historia hiyo. Kwingineko Uingereza, baada ya nyua kuja, mkulima alihama akajenga nyumba katikati ya eneo lake jipya, na kijiji kikabaki na kanisa, baa na vibarua. Huko Laxton mkulima hakuwa na sababu ya kuhama, kwa kuwa hakukuwa na mahali pamoja pa kuhamia. Nyumba za mashamba, nyingi za matofali, zimejipanga barabarani hadi leo, baadhi zikiwa zimeigeuzia barabara ubavu, na ghala na zizi vikiwa nyuma yake katika viwanja vile vile virefu vya ramani ya 1635. Asubuhi matrekta hutokea nyuma ya nyumba na kupita mbele ya kanisa.

Kati ya vipande kuna mikanda ya majani ambayo wenyeji huiita sykes: maeneo ya majimaji au ya mteremko mkali ambayo plau haikuweza kuyafikia. Kila mwaka haki ya kukata majani yake hupigwa mnada kwa wenye mashamba. Kwa kuwa hayajawahi kulimwa, yamehifadhi maua ya porini ambayo mbolea na plau zimeyafuta katika sehemu nyingi za nchi, na serikali imeyatambua rasmi kwa thamani yake ya kisayansi. Mzunguko wa miaka mitatu nao upo, ila mwaka wa kulaza ardhi siku hizi hutumika kukuza majani na klova za kulishia ng'ombe.

Mtihani mkubwa wa miaka ya karibuni umekuwa ule ule wa zamani: nani anamiliki. Serikali ilipoanza kuuza mali zake mwishoni mwa miaka ya 1970, Laxton iliwekwa kwenye orodha, na baada ya kelele nyingi ikachukuliwa mwaka 1981 na Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za taji la Uingereza. Mwaka 2018 taasisi hiyo nayo ikatangaza inataka kuuza. Mwaka 2020 mnunuzi akapatikana jirani: miliki ya Thoresby, ya warithi wa Pierrepont wale wale, miaka 68 tangu ukoo huo uiachie.

Kwa mmiliki mpya na wapangaji wake hesabu sasa iko kwenye watu kuliko kwenye udongo. Mahali pengine shamba linapokosa mrithi huunganishwa na la jirani, na idadi ya wakulima inapungua bila mtu kusumbuka. Laxton ikifuata njia hiyo, vipande vitajikuta mikononi mwa familia tatu au nne, na kupata watu 12 wa kula kiapo na kukaguana kutakuwa kazi ngumu. Kwa hiyo kila nyumba ya shamba inapobaki wazi, uamuzi wa kumtafutia mpangaji mpya, aliye tayari kupanda kwa zamu ya kijiji hata mwaka ambao soko linamwita kwingine, ndio unaoamua kama baraza litapata wajumbe wake.